Shangazi, kijana wangu amesusa gari la babu yake

Shikamoo Shangazi, na pole na majukumu.

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Tabata na kazi yangu ni ya ghala, huku Vingunguti. Kijana wangu ana miaka 16, yupo kidato cha tatu. Binti ana miaka 12, darasa la sita. Mama yangu mzazi naye tunakaa naye.

Marehemu baba alituachia gari, Peugeot 504 rangi ya maziwa, zile za gia kwenye usukani. Alilipata kwenye mnada mimi nikiwa bado mdogo, na ndilo lililokuwa linatupeleka Korogwe kila Krismasi. Baba hakuruhusu mtu kuligusa. Jumamosi alikuwa analiosha mwenyewe, anafungua boneti mwenyewe, sisi watoto tunamwangalia kutoka barazani. Baadaye likaharibika, likawekwa juu ya mawe chini ya mwembe, na baba akafariki likiwa bado pale.

Mwaka jana nikaamua kulifufua. Sababu yangu kubwa haikuwa gari, Shangazi. Kazini kwetu kila mwenye kijana analalamika: mtoto haongei, yupo na simu tu. Nikasema mimi wangu nitampata kupitia gari. Nikamtafuta fundi wa hapa mtaani, nikamwambia kijana kila Jumamosi tutakuwa wote uani.

Mwanzoni alikuja vizuri tu. Kisha visingizio vikaanza. Mara twisheni, mara kichwa, mara ametumwa na mama yake. Akija anashika tochi huku macho yapo kwenye simu. Na kazi anazopewa si ngumu: kuleta spana, kuosha nati na bolti kwa petroli, kutumulikia. Hata hizo zinamshinda.

Kilichotufikisha hapa ni hiki. Hedi ya injini ilikuwa imetoka kusafishwa, ipo mezani. Nikamwambia afunge plagi ili uchafu usiingie kwenye matundu. Plagi ya tatu akaiingiza kombo, ikagoma, akailazimisha kwa spana mpaka meno ya kwenye hedi yakaliwa. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia hana akili, na kwamba babu yake angemfukuza hapo uani. Fundi alikuwepo, na vijana wawili wa bodaboda walikuwa wamekaa kivulini. Kijana akaweka spana chini, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hajarudi kwenye gari. Anasalimia, anakula, anakwenda chumbani kwake kufungua maredio. Redio ya bibi yake iliyokuwa imekufa ameitengeneza inaongea, lakini gari la babu yake hataki hata kulitazama.

Binti sasa ndiye haondoki. Spana namba 13 na namba 17 anazijua kwa kuziona tu. Lakini mama yangu hataki kabisa, anasema mtoto wa kike akinuka grisi nani atamuoa. Basi namwondoa ili nisimuudhi mama.

Mke wangu analalamika kwamba hela inayokwenda kwenye spea na mafundi wa mtaa wa Gerezani ndiyo ada ya watoto. Ndugu yangu aliyepo Morogoro anasema tuwaite watu wa chuma chakavu, tuuze, tugawane.

Nimlazimishe kijana arudi? Nimwite binti ili kaka yake aone wivu? Au niuze huu mkweche yaishe?

Baba wa Wawili, Tabata.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Baba wa Wawili. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na nianze na majibu kabla ya maneno mengi. Kijana usimlazimishe. Gari usiuze kwa sasa. Binti mwite, ila si kwa sababu hiyo uliyoniandikia.

Nitakuambia kwanza kilichonigusa. Umeandika kwamba kazi ulizompa kijana si ngumu na bado zinamshinda. Mwanangu, hazimshindi, zimemchosha. Kushika tochi, kuleta spana na kuosha nati ni kazi za utingo. Utingo wa lori anavumilia kwa sababu ana posho yake, na anajua iko siku atashika usukani. Kijana wako ana miaka 16, na Jumamosi baada ya Jumamosi amesimama akiwamulikia watu wazima wawili wanaozungumza wao kwa wao. Usukani hakuuona. Angefanya nini zaidi ya kutoa simu?

Halafu siku unampa kazi ya kweli, unampa inayotaka mkono uliofundishwa. Marehemu mume wangu alikuwa na gereji Ilala, na mimi ndiye niliyekuwa nashika vitabu vya hesabu pale, kwa hiyo haya nimeyaona yakilipiwa. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu, plagi ni chuma kigumu. Aluminiamu haishindani na chuma. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake haanzi na spana. Anaanza na vidole, anaizungusha plagi kwa kuisikiliza, na ikigoma anaitoa, anaanza upya. Wengine huchomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi na kuizungushia kwa huo mpira, maana plagi ikikaa kombo mpira unateleza wenyewe kabla haujaharibu kitu. Spana inakuja mwisho kabisa, kukaza tu. Barua yako inaeleza hasira yako vizuri, lakini haisemi kama kuna aliyemwonyesha kijana hayo. Kama hakuna, basi hakukosa akili. Alikosa mwalimu, na walimu walikuwa wawili pale pale.

Uzuri ni kwamba tundu la plagi lililoliwa meno linatibika. Linatobolewa kidogo, linakatwa meno mapya, linawekwa bushi ya chuma. Gerezani kuna karakana za kukereza vyuma zinazofanya kazi hiyo, na bushi nzuri huwa imara kuliko meno ya mwanzo. Kwa hiyo hiyo hedi usiipeleke na fundi. Ipeleke na kijana wako.

Lakini kabla ya Gerezani kuna neno la kusema nyumbani.

Najua kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi. Tumelelewa hivyo, na wengi wetu tuliona wazazi wakirudisha amani kwa kumnunulia mtoto soda bila kutamka lolote. Mimi siamini kwamba soda inatosha hapa. Umemwambia kijana wa miaka 16 mbele ya watu kwamba hana akili. Mtaani kwenu, wale vijana wa bodaboda anapishana nao kila siku akienda shule. Mwite, kaeni wawili, mwambie: nilikutukana, nilikosea, naomba radhi. Ishia hapo. Usiongeze “lakini na wewe ulilazimisha plagi”, maana neno “lakini” litafuta yote yaliyotangulia. Na kwa sababu fundi alisikia tusi, asikie na radhi. Siku mkikutana naye, sema mbele ya kijana kwamba plagi ile hukumfundisha mtoto, na ulimkosea. Heshima yako haitapungua. Watoto wanawajua wazee wanaoweza kukiri kosa, na ndio wanaowaendea wakipatwa na shida kubwa.

Lipo na la babu. Ulisema babu yake angemfukuza. Hapo ulimwingiza marehemu kwenye ugomvi asiokuwemo, na mtoto hana pa kumjibu. Nami nikirudi juu kwenye barua yako naona ulichoniandikia bila kuulizwa: baba hakuruhusu mtu kuligusa, nyie mlikuwa mnamwangalia kutoka barazani. Nadhani Jumamosi unayoitafuta pale chini ya mwembe uliitamani tangu utoto wako. Ni haki yako kuitamani, na kumkumbuka baba yako kwa njia hiyo ni jambo zuri. Tatizo ni kwamba kijana halijui. Yeye anaona baba anayekasirikia gari bovu. Mweleze. Mwambie ulikuwa unakaa wapi pale barazani, ulikuwa unatamani kushika nini, Korogwe mlikuwa mnafika saa ngapi, nani alikuwa anakaa mbele. Mweleze pia gari lenyewe ni kitu gani, maana watoto wa Dar es Salaam wa leo wamezaliwa kwenye foleni ya Toyota, na 504 kwao ni chuma tu kilichokaliwa na kuku. Gari hilo lilitoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1968, na mbio za Safari Rally, zile za vumbi na matope ya Afrika Mashariki, 504 ilizishinda mwaka 1975 na ikazishinda tena 1978. Mtoto akijua hivyo, anaanza kuuliza maswali yake mwenyewe.

Sasa kazi ya kumpa. Jibu lipo kwenye barua yako na umelipita haraka: redio ya bibi. Mtoto anayefungua redio iliyokufa mpaka ikaongea ana jicho la umeme, na gari la zamani linamfaa mtoto wa namna hiyo kuliko gari jipya. Halina kompyuta. Umeme wake ni wa volti 12, na kila waya unaweza kuufuata kwa mkono kutoka betri kwenda kwenye fyuzi, kwenye swichi, mpaka kwenye taa. Gari lililokaa chini ya mwembe kwa miaka lazima wayaringi yake imekwisha. Panya wametafuna, mpira wa nyaya umekauka na kupasuka, viungio vimeota kutu ya kijani kwa unyevu wa masika yetu. Kwa fundi mwenye haraka hiyo ni kero, atakata na kuungaunga kwa gundi ya umeme. Kijana wako atakaa nayo wiki nzima na asichoke.

Mpe umeme wote wa gari. Uwe wake. Taa, honi, waipa, altaneta, mpaka kwenye koili na distribyuta. Mnunulie multimita, kile kipimo cha umeme, Kariakoo, zipo za bei ya kawaida. Mpe daftari achore ramani ya kila waya na rangi yake. Na ile simu unayoilalamikia, mwambie aje nayo: kila kiungio kabla hakijachomolewa kipigwe picha, ndipo kitarudi kilipotoka. Somo la kwanza liwe kufungua waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa chochote. Mkifika kwenye distribyuta mtakutana na pointi, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Nafasi yake huwa kama milimita 0.4, inapimwa kwa fila geji, yale mabati membamba ya kupimia nafasi, na mpangilio wa moto wa injini hiyo, yaani silinda zinavyofuatana kuwaka, ni 1-3-4-2. Mwache aweke yeye. Kisha simama kando, usishike. Gari likigoma kuwaka siku hiyo, usiulize nani kakosea. Muulize anadhani tatizo liko wapi, halafu subiri jibu lake hata kama fundi tayari analijua.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapoharibu. Wanatoa kazi kwa mdomo na kuinyang'anya kwa mikono. Ukimpa umeme, wewe na fundi msiguse waya bila kumwuliza yeye. Atakosea. Ataunguza fyuzi, ataunga taa ya kulia kwenye swichi ya kushoto. Vumilia hasara ndogo za namna hiyo, ziwekee hata bajeti. Kazi ambazo kosa lake linaua mtu, hizo usimpe mtoto yeyote: breki, usukani, kuchomelea tangi la petroli, kuingia chini ya gari. Hizo ni za fundi, na watoto wakae mbali wakitazama.

Zungumza na fundi pia. Yeye anapata riziki kwa kumaliza kazi na kwenda kwenye gari lingine. Wewe unataka mwendo wa mtoto. Vitu hivyo viwili havikai pamoja kama hamjakubaliana. Mlipe kwa siku za kufundisha, na Jumamosi nyingine asije kabisa, mbaki wenyewe na kazi ndogo. Na kwa kuwa hedi ipo nje hivi sasa, muulize jambo moja: silivu amezibana? Injini ya 504 ina silivu za kuvuliwa, yaani mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinazokaa ndani ya maji, na hedi ndiyo inayozikandamiza. Mtu akizungusha injini hedi ikiwa nje, silivu zinaweza kunyanyuka, sili ya chini ikaachia, na baadaye maji yakaingia kwenye oili. Hubanwa kwa bolti, vipande vya bomba na washa pana. Ukitaka kazi ya kumrudisha kijana uani baada ya Gerezani, mwombe atengeneze vibanio hivyo, apime mwenyewe, akate mwenyewe.

Na akisema hataki gari kabisa? Inawezekana, hata baada ya radhi. Mkubalie. Basi mwendee chumbani kwake. Muulize hiyo redio iliyo mezani ina tatizo gani, na anapochomea waya, umshikie wewe tochi. Nasema hivi kwa moyo wangu wote: ulichokuwa unatafuta ni mtoto wako. Kama anapatikana kwenye redio, gari linaweza kumngoja chini ya mwembe mwaka mwingine. Sioni kwa nini iwe lazima kwenye gari tu. Mwakani Novemba pia ana mtihani wa taifa wa kidato cha nne, kwa hiyo hata akirudi, mapema mwakani mpunguze Jumamosi zenu bila ugomvi.

Binti yako sasa. Huyu amesimama pale kwa hiari yake, anazijua spana kwa macho, na kila siku anaondolewa. Nimesikitika kusoma kwamba wazo la kumwita limekuja kama chambo cha kumtia kaka yake wivu. Ukifanya hivyo utawapoteza wote wawili. Kijana ataona amebadilishwa, na binti akigundua, atajua kwamba hukumwita yeye. Mwite kwa sababu anataka na anaweza. Mpe kitu chake kisichogusana na cha kaka yake. Milango, kwa mfano: vitasa, bawaba, vipandisha vioo. Ni kazi ya spana na bisibisi, ina vidude vingi vya kukumbuka mpangilio wake, na siku kioo kitakapopanda kwa mara ya kwanza kila mtu nyumbani ataona kazi yake.

Kwa bibi usiende na mabishano. Hofu yake ni ya mapenzi, hata kama hukubaliani nayo. Mwekee kiti kivulini, muulize mambo ya gari: lilikuwa linalia vipi, mzee alikuwa anaweka nini kwenye buti safari ya Korogwe, kioo kipi kilikuwa kibovu tangu zamani. Yeye ndiye pekee hapo nyumbani aliyelipanda akiwa mtu mzima. Akisikia mjukuu wa kike ndiye anayetengeneza mlango aliokuwa akifungua yeye, mazungumzo yatabadilika. Na akirudia la kuolewa, mwambie kwa adabu kwamba chuo cha ufundi cha VETA pale Chang'ombe wanafundisha ufundi wa magari na wasichana wamo darasani, na mikono husafishika kwa sabuni. Lakini hata asipokubali, mwanangu, baba wa binti huyo ni wewe. Heshima kwa mama haikuzuii kuamua.

Usalama niliuacha kidogo, naurudia kwa kifupi ila kwa mkazo. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Gari likishanyanyuka likae kwenye stendi za chuma au magogo mapana ya mbao. Matofali ya saruji hupasuka ghafla, usiyaamini hata siku moja, na hayo mawe liliyokalia kwa miaka yakague upya. Acha kuwaoshesha watoto nati kwa petroli. Inaingia kwenye ngozi, na mvuke wake unatambaa mpaka kwenye jiko la mkaa la jirani. Tumia mafuta ya taa kidogo, brashi na glavu, mbali na moto. Rangi za magari ya zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo mkifika kwenye bodi pigeni msasa wa maji, na barakoa usoni, vumbi lisiruke. Brekishu za zamani nazo zilitengenezwa kwa asbesto. Fundi asipulize vumbi lake kwa kompresa watoto wakiwepo, alilowanishe na kulifuta. Oili chafu ikusanyeni kwenye dumu, msiimwage kwenye mtaro unaokwenda Mto Msimbazi.

La mwisho ni hela, na hapa nipo upande wa mke wako. Spea za 504 si kama za Toyota, huzikuti kila duka. Utazunguka Gerezani na Shauri Moyo ukiulizia, na anayejua kwamba unakitafuta kwa hamu atakupandishia bei. Mradi wa namna hii hauna mwisho kama haukuwekewa ukomo. Kaa na mkeo, pangeni kiasi cha mwezi ambacho kinatoka baada ya ada na chakula, na kikiisha kazi inasimama mpaka mwezi mwingine. Kijana ashike daftari la matumizi, mama yake alikague. Gari likikaa tu halidaiwi ada ya leseni ya kila mwaka, serikali iliifuta mwaka 2017, kwa hiyo hakuna kinachokukimbiza. Litakapotaka kurudi barabarani ndipo utahitaji bima na ukaguzi, na kijana asilishike barabarani kabla hajafika miaka 18 na kupata leseni.

Ndugu yako wa Morogoro naye ana hoja. Gari ni la marehemu baba yenu, si lako peke yako. Kama mirathi haijafunguliwa, fungueni mahakamani, apatikane msimamizi, kadi ya gari ihamishwe kihalali. Ukishaweka hela yako nyingi kwenye mali ambayo haijagawanywa, ugomvi utakuwa mkubwa kuliko thamani ya chuma chakavu. Mpigie simu wiki hii. Muulize kama atakubali kuchukua thamani ya fungu lake polepole, muandikiane. Akikataa katakata na ikabidi kuuza, watoto waambieni mapema, wachukue kila mmoja kitu chake, na mjue kwamba injini ya mkweche wowote mwingine inafundisha hayo hayo.

Anza na radhi, leo akitoka shule. Gerezani iwe Jumamosi, mwende wawili asubuhi kabla ya jua kali, yeye ndiye amweleze mkerezaji plagi ilivyoharibika. Bushi ikishawekwa, mwambie aijaribu plagi kwa vidole hapo hapo dukani kabla hamjalipa.